Mpeni Mkimya Jioni Yake

 

Leo nina habari za mtu ambaye huenda yumo nyumbani kwako, au ndiye wewe mwenyewe. Anarudi kazini, anasalimia vizuri, anawajulia hali wote waliopo, kisha anatafuta pa kukaa peke yake. Hajagombana na mtu. Haumwi. Hakuna deni analolikimbia. Lakini kabla hajakaa sawasawa maswali yameshaanza: Mbona umenuna? Kuna nini kazini? Nani kakuudhi? Akijibu kwamba hana neno, haaminiki. Akinyamaza ndiyo kabisa, jioni hiyohiyo inakatwa shauri kuwa ana maringo, au kuna jambo analificha. Sisi tumelelewa na methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo tukimwona mtu kanyamaza tunakaa tunausubiri mshindo.

Niseme mapema ninachokiamini. Mtu wa namna hiyo anahitaji sehemu ya jioni iliyo yake, yenye utaratibu ambao kila mtu nyumbani anaujua. Tena utaratibu huo unawafaa wale wanaoishi naye kuliko hata unavyomfaa yeye, kwa sababu ndio unaowaondolea wasiwasi. Watu wengi huniambia, sisi tuko sita katika vyumba viwili, huo upweke tutaupata wapi? Nawajibu kwamba mkimya anaweza kupumzika bila chumba cha peke yake. Bila ruhusa ya wenzake hawezi.

Kwanza tusimchanganye na mwenye haya. Mwenye haya anaogopa watu watamwonaje. Angependa kuingia kwenye mazungumzo lakini moyo unamwenda mbio. Mkimya ninayemzungumzia anaweza kusimama mbele ya mkutano akaongea vizuri kuliko wote, akacheka na wateja kutwa, akaongoza kikao cha harusi. Tofauti yake inaonekana baadaye. Wenzake wakitoka kwenye kikao wamechangamka na wanataka kwenda kwingine, yeye ameishiwa. Nguvu zake zinarudi akiwa peke yake au na mtu mmoja aliyemzoea.

Mgawanyo huu wa watu wa ndani, kama mkimya wetu, na watu wa nje, kama wenzake wale waliochangamka, ulienezwa na daktari wa Uswisi, Carl Jung, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za nafsi. Miaka michache baadaye, mwishoni mwa 1925, Jung huyo alishuka Mombasa, akapanda treni kwenda Nairobi, na safari ikamfikisha hadi Mlima Elgon. Katika kumbukumbu zake anasimulia alivyofika kwenye mbuga za Athi, karibu na Nairobi, akaona makundi ya wanyama yakilisha mpaka macho yanapokoma. Akawaacha wenzake, akatembea mpaka hawaoni tena, ili aonje kuwa peke yake kabisa. Kisha akarudi garini, safari ikaendelea. Napenda kisa hicho kwa sababu hakuna aliyegombana na mwingine. Mtu alisogea, akapata alichokuwa akikihitaji, akarudi kwa wenzake.

Na kuwa mtu wa ndani kunagusa mwili pia. Mwaka 1967, Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi London, pamoja na mkewe Sybil, walichapisha jaribio dogo la kuvutia. Waliwadondoshea watu maji ya limau ulimini na kupima mate yanayotoka. Watu wa ndani, kwa wastani, walitoa mate mengi zaidi. Maelezo ya Eysenck yalikuwa kwamba ubongo wa mtu wa ndani tayari uko macho zaidi hata akiwa ametulia, kwa hiyo kitu kilekile, kiwe limau, sauti au mwanga, kinampiga kwa nguvu zaidi. Wataalamu wamebishana sana kuhusu maelezo hayo tangu wakati ule. Ila mkimya yeyote akiyasikia atayatambua.

Sasa mchukue mtu huyo umpitishe katika siku ya kawaida ya Dar es Salaam. Tuseme ni mwalimu wa darasa la pili. Tangu saa 2 asubuhi anaitwa. Mwalimu, huyu kanichukulia penseli. Mwalimu, naomba kwenda chooni. Mwalimu, mimi nimemaliza, nifanye nini? Anajibu kila mmoja kwa upole, maana ndiyo kazi yake na anaipenda. Mchana ni vikao na wazazi. Jioni anapanda daladala, kondakta anagonga bati na kuwahimiza watu wasogee nyuma, spika iko juu ya kichwa chake, na abiria wa pembeni anasimulia kwa simu kesi ya kiwanja tangu mwanzo hadi mwisho. Anafika kwenye nyumba ya kupanga yenye korido katikati: chumba cha kwanza tamthilia, cha pili muziki, uani wapangaji wanabishana Simba na Yanga. Mwalimu wetu wakati huo ni kama chungu kilichoipuliwa jikoni: moto umeachwa nyuma, lakini uji ndani bado unatokota. Ukimwongezea kitu hapo, anafurika.

Anachohitaji ni muda wa kupoa kabla ya kulala. Na sisi wa ukanda huu tumepewa saa ya bure ya kuupangia muda huo. Kule London jua la Juni huzama baada ya saa 3 usiku, na la Desemba huzama kabla ya saa 10 jioni, kwa hiyo anayeandika vitabu vya ushauri kule hawezi kumwambia msomaji wake aanze kupumzika jua likizama. Sisi tunaweza. Dar es Salaam jua huzama baina ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na kati ya siku linapowahi na siku linapochelewa ni kama nusu saa tu. Giza huingia upesi, adhana ya magharibi inasikika, na baada ya saa moja na kidogo inasikika ya isha. Muislamu anaijua nafasi hiyo kwa ibada. Mkristo wa Tanga au Temeke naye anaijua kwa sikio, maana amekua akiisikia. Kati ya adhana hizo mbili pana nafasi ambayo mji mzima unaitambua bila kutazama saa.

Tena tusidanganyane kwamba utamaduni wetu haujui kukaa peke yake. Unajua sana. Katika kumi la mwisho la Ramadhani wapo wanaoingia itikafu, wanakaa msikitini, wanajitenga na mambo ya nyumbani na ya sokoni, na familia zinawapelekea futari. Wakristo wana mafungo; mtu anaaga nyumbani, anakwenda kwenye nyumba ya masista au kituo cha kanisa, anakaa kimya kwa siku kadhaa, na akirudi anapokewa kwa heshima. Hujasikia mtu akiulizwa kwa nini amenuna wakati yuko itikafu. Hakuna anayemwambia wa mafungo kuwa ana maringo. Nadhani sababu ni kwamba kujitenga kwao kuna jina, kuna mwanzo na kuna mwisho. Watu wanajua ameingia lini na atatoka lini. Anayetutia hofu ni yule anayejitenga bila kuaga, hatujui kaenda kwa nini wala atarudi saa ngapi.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa mkimya ni kusema. Najua kusema ndilo jambo unalotaka kulikwepa, lakini ukisema mara moja na vizuri utaokoa maneno mengi huko mbele. Kaa na mwenzio mchana, siku mmetulia, umwambie: Mke wangu, kuanzia wiki hii nikirudi nitaoga, nitakaa kule uani mpaka adhana ya isha. Sijakasirika na mtu. Nikitoka hapo nipo, tutakula, tutaongea. Kama unaishi na wazazi, ombi lina njia yake: Shikamoo mama. Mama, naomba nikuambie jambo, usilichukulie vibaya. Nikirudi kazini kichwa kinakuwa kimejaa; naomba nipumzike kwanza kidogo, halafu nitakuja tukae. Mzazi aliyeombwa namna hiyo mara nyingi ndiye atakayekuwa mlinzi wako, atawafukuza wengine: Mwacheni, anapumzika. Lakini ukishaahidi kwamba ikifika isha utatoka, toka. Siku ukianza kupitiliza, ile ruhusa inaanza kufa, na hutaipata tena kwa urahisi.

Niliona utaratibu wa namna hii ukifanya kazi kabla sijasoma chochote kuhusu nafsi za watu. Mama yangu mkubwa, Tanga, alikuwa na pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo wa chuma juu ya kifuniko. Jioni aliipeleka uani, akaipepea mpaka makaa yakawa mekundu, akafuta majivu, akaipitisha mara mbili tatu juu ya jani bichi la mgomba ili kitako kiteleze. Harufu ya lile jani likiungua ilikuwa ndiyo taarifa. Watoto tulijua hakuna kumsogelea, maana kuna moto. Watu wazima walijua mama mkubwa anapiga pasi sare za shule za nyumba nzima. Alitandika blanketi juu ya meza, akachovya vidole kwenye bakuli la maji, akanyunyiza, akakandamiza, mvuke ukapanda. Shati, sketi, shati, kaptura. Haimbi, haongei, uso umetulia. Alikuwa mkimya kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, na nyumba ilikuwa imejaa ndugu, lakini sikumbuki hata mmoja akimwambia ana maringo. Akimaliza alimwaga makaa, akanawa, akaja kukaa nasi mkekani, na hapo ndipo ungemsikia akicheka.

Nikimkumbuka sasa naona alikuwa amejipatia chumba ndani ya uwanja wa watu kumi, na kuta zake zilikuwa kazi ya mikono. Kazi ya mikono isiyohitaji maneno ni mahali pazuri sana pa mkimya kupumzikia. Kuchambua mchele kwenye ungo. Kukuna nazi. Kumwagilia maua kwenye makopo, kopo moja moja. Kufunga kuku. Kusafisha viatu vya kesho. Mikono inarudia kitu kimoja, macho yanatazama karibu, akili inalegea. Na anayekupita haoni mtu aliyekaa bure akiwaza, maana mtu wa hivyo kwetu lazima atasemeshwa. Anaona mtu yuko kazini. Kwa hiyo kama nyumba yako haina kona hata moja ya faragha, tafuta kazi yako ya jioni, iwe hiyo kila siku, saa ileile, mahali palepale. Baada ya wiki kadhaa hutahitaji tena kueleza chochote.

Nirudi kwenye kuoga, kwa sababu wengi wetu tunaoga jioni hata hivyo, na kuna faida ndani yake inayopotea kwa kutojua saa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia wakaona kwamba kuoga maji ya moto kiasi, nyuzi 40 hadi 42 na nusu, saa moja au mbili kabla ya kulala, humfanya mtu apate usingizi mapema kwa kama dakika 10. Sababu yake ni nzuri. Maji ya moto yanavuta damu kwenye ngozi, hasa ya viganja na nyayo. Joto la ndani linatokea hapo, mwili unapoa, na kupoa huko kwa ndani ndiko kunakouambia ubongo kuwa usiku umefika. Ukioga ukajitupa kitandani papo hapo, mwili haujapata muda wa kupoa. Najua Januari ya Dar es Salaam hakuna anayetaka maji ya moto mgongoni. Basi chukua beseni, utie maji ya uvuguvugu, uweke miguu tu, ukae kwenye kigoda. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba joto la miguu na mikono lina uhusiano mkubwa na kuwahi kusinzia. Wazee wetu walipowaambia wageni wanawe miguu kabla ya kulala, walitaka shuka zisichafuke. Usingizi ulikuwa zawadi ya juu yake.

Kahawa nitaipita haraka. Yule muuza kahawa anayepita na birika lake na kashata ni furaha ya jioni, na kwa watu wa baraza hakuna mazungumzo bila yeye. Lakini nusu ya kafeini uliyoinywa saa 12 jioni inaweza kuwa bado imo mwilini saa 5 usiku. Kama wewe ni mtu ambaye kila kitu kinakupiga kwa nguvu, kunywa kahawa yako alasiri, na jioni chemsha mchaichai mtupu bila majani ya chai.

Mwanga nao una lake. Ndani ya jicho, mbali na chembe zinazotusaidia kuona sura na rangi, ziko nyingine ambazo kazi yake kubwa ni kupima kama nje ni mchana au usiku. Wanasayansi walizithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chembe hizo zinashtuka hasa kwa mwanga wenye ubuluu, na zikishtuka ubongo unachelewesha melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku. Taa nyingi nyeupe tunazonunua sasa kwa ajili ya kubana umeme, na kioo cha simu kilicho karibu na uso, vina ubuluu huo. Huhitaji kununua kitu cha gharama. Taa moja ya njano, iliyowekwa chini au pembeni, inatosha kwa ile saa yako, na kule uani hata mwanga unaotokea jikoni unatosha.

Simu ni mtihani zaidi ya taa. Zamani mkimya akifika nyumbani alikuwa ameachana na watu wa kazini. Leo wanamfuata mfukoni. Na jioni ndipo makundi yanapochemka: kundi la ukoo, kundi la michango ya harusi, kundi la wazazi wa shule, vikoba, kwaya, waliosoma wote mwaka fulani. Mtu anaweza kuwa amekaa peke yake uani, kumbe yuko katikati ya mkutano wa watu 200, na tiki mbili za bluu zinamshuhudia kuwa kasoma na hajajibu. Mapumziko ya hivyo mimi siyahesabu. Makundi yote yazimwe mlio usiku. Simu ziachwe wazi kwa watu wachache ambao wakipiga ni lazima upokee, wazazi, mtoto aliye bweni, mwenzio akiwa safarini. Kisha simu yenyewe ikae chumba kingine, ichaji huko. Mchango wa harusi unaweza kutumwa asubuhi.

Lakini hata simu ikiwa mbali, mkimya ana kelele nyingine, na hii naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Anarudiarudia siku. Nilimjibu yule bosi vibaya? Yule jirani alinielewaje? Kesho nitasema nini kwenye kikao? Wenzake wamekwisha kuyasema yote barabarani, yamewatoka; yeye ameyabeba mpaka kitandani. Hapa nina dawa rahisi na ninaiamini. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, kilichopo Texas, walichapisha jaribio la watu 57 waliolala maabara. Kabla ya kuzima taa kila mmoja aliandika kwa dakika 5. Nusu yao waliandika mambo waliyokwisha kuyafanya, nusu waliandika wanayopaswa kuyafanya siku zinazofuata. Hawa wa pili walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9, na kati yao walioandika kwa kina zaidi ndio waliowahi zaidi.

Wengi wetu tungedhani kuandika kazi za kesho kutatutia wasiwasi. Imekuwa kinyume, na ukiwaza utaona kwa nini: jambo lililo kichwani linalindwa na akili lisisahaulike, kwa hiyo linaitwa tena na tena, likishakaa kwenye karatasi akili inaliachia. Nunua daftari la shule, lile la kurasa chache, na kalamu ya kawaida. Andika kwa ufupi na kwa ukamilifu. Usiandike fundi, andika kumpigia fundi bomba kabla ya saa 3, nimuulize bei ya koki. Kumrudishia mama wa chumba cha mbele ndoo yake. Kumwambia mkuu wa idara kwamba jana sikukusudia kumkatiza. Hilo la mwisho ndilo linalokunyima usingizi, nalo ukiliandika linageuka kazi ya kesho kama kumpigia fundi. Ukimaliza funga daftari, vuta pumzi taratibu, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, urudie mara kadhaa. Pumzi ndefu ya kutoka inapunguza mapigo ya moyo. Mwili ndivyo ulivyo.

Sasa nataka kusema na wanaume, kwa sababu yote niliyoyataja mpaka hapa mwanaume anaweza kuyafanya leo. Ana kijiwe akitaka watu, ana uani akitaka kimya. Mke wake mkimya je? Ile saa kati ya magharibi na isha ndiyo saa yake nzito kuliko zote: sufuria liko motoni, mtoto mmoja analia, mwingine anataka kusaidiwa hesabu, mama mkwe anauliza dawa yake, na mgeni amepiga hodi. Hakuna anayemwuliza kwa nini amenuna kwa sababu hakuna anayemtazama. Anaupata ukimya wake saa 5 usiku, wote wakishalala. Hapo anakaa macho, kachoka, macho yanauma, lakini halali, kwa sababu huo ndio muda pekee wa siku ambao hakuna anayemwita mama. Anaununua ukimya kwa usingizi wake, na saa 11 alfajiri ameamka tena. Kina mama wengi wanaonisikiliza wanajijua.

Kaka yangu, mchukue mtoto. Watoe wote watoto kwa nusu saa, wapeleke dukani, wakae na wewe barazani, waulize waliyojifunza. Au kaa wewe jikoni ukisubiri maharage yaive, yeye akaoge bila kugongewa mlango. Hili halihitaji fedha. Na usimfanyie kwa siku moja ya kumfurahisha. Mpe saa inayojulikana, aitegemee, maana anayesubiri kuona kama leo utakumbuka hapumziki.

Yuko pia mtoto mkimya. Anarudi shule, anavua viatu, anakwenda kujificha nyuma ya nyumba na kuku. Tunamwita aje asalimie wageni, na kusalimia ni lazima, tusilegeze hapo. Adabu ni adabu. Lakini akishatoa shikamoo zake na kujibu maswali mawili, mwacheni aende. Tusimsimamishe katikati ya sebule aimbe wimbo wa shule huku jasho linamtoka. Tusimlinganishe na binamu yake mchangamfu mbele ya watu. Naye apewe kazi yake ya jioni, ya kufunga hao kuku, au ya kuchora, au ya kumwagilia, na ndugu zake waambiwe kuwa muda huo ni wake.

Pana mpaka nisiouvuka bila kuutaja. Mkimya akikaa peke yake anapata nafuu. Akitoka anakula, anacheka, anafurahia vitu vyake. Kama mtu anajitenga na kila akitoka yuko vilevile au vibaya zaidi, hamu ya chakula na ya mambo aliyoyapenda imemwisha, usingizi umevurugika, na hali imeendelea kwa wiki mbili au zaidi, hiyo inaweza kuwa sonona. Huyo msimwambie ajitahidi kuchangamka, na msimwachie tu saa yake ya uani. Mpelekeni akamwone daktari; hospitali za rufaa za mikoa zitamhudumia au zitamwelekeza pa kwenda.

Nimalizie na siku zile ambazo utaratibu wowote unavunjika, maana wasikilizaji wangu wakimya huniuliza hilo kuliko jingine: kuna harusi, kuna msiba, utakwendaje uani kwako? Nenda msibani. Usikose. Ila ukifika huna lazima ya kukaa katikati ya turubai ukitafuta la kusema. Nyuma kuna vitunguu vya kumenya, kuna sufuria za kuosha, kuna maji ya kuteka, kuna viti vya kupanga, na wafiwa watakukumbuka kwa hayo. Harusini kaa karibu na ndugu mmoja unayemzoea, mbali na spika, na ukiona umejaa toka nje upunge hewa kwa dakika chache, urudi. Ukifika nyumbani, hata kama ni saa 6 usiku, usiseme leo imeshapita. Fupisha tu. Miguu kwenye beseni, mistari miwili mitatu kwenye daftari, simu chumba kingine. Na mwenzio akikuuliza harusi ilikuwaje, mwambie ilikuwa nzuri, utamsimulia kesho kwenye chai.